Mustang, Comet na Pwani Isiyo na Barabara

Mpaka wa Somalia na Kenya unaingia baharini karibu na Ras Kamboni. Kaskazini ya mpaka wako Wabajuni, Waswahili wa pwani hii, wa visiwani na wa Kismayu. Kusini wako Wabajuni wa Ishakani, Kiunga na Faza. Lugha ni moja, koo ni zile zile, na tangu zamani harusi zimevuka hapo kwa mashua bila kumwuliza mtu ruhusa. Kinachobadilika ni upande wa barabara. Somalia magari hupita kulia. Kenya hupita kushoto, na kuanzia hapo kwenda chini, Tanzania, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini, kila nchi ya pwani hupita kushoto.

Maana yake ni kwamba katika pwani yote hii ya Waswahili, ukitafuta mahali ambapo gari la Kimarekani lenye usukani wa kushoto lingekuwa limekaa sawasawa na sheria, utaishia Kismayu, Barawa na Mogadishu. Ford Mustang ya mwaka 1965, ambayo Mombasa ingekuwa kero na Tanga ingekuwa kituko, Kismayu ingepita barabarani kama mwenyeji.

Isipokuwa haipo. Yaliyopo Kismayu ni Toyota, Toyota na Toyota, yaliyotumika Japani, yakapitia Dubai, yakashushwa bandarini na usukani wake wa kulia. Na bajaji, nyingi sana. Ukitaka kuelewa usumbufu wenyewe, kaa kiti cha mbele cha Noah inayotoka mjini kuelekea Goobweyn, kule mto Juba unakomwagika baharini. Gari linapita kulia na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva yuko ukingoni, karibu na mchanga na mbuzi, na abiria wa mbele ndiye aliye katikati ya barabara. Mbele kuna lori limejaa magunia. Dereva haoni kitu ila matairi yake. Anamwuliza abiria. Abiria anatoa shingo, anachungulia. "Bado. Bado. Haya, pita!" Roho za watu wanane ziko kwenye jicho la mtu aliyelipa nauli.

Basi ni haki kuuliza gari hili la Kimarekani ni gari gani hasa, na kwa nini watu ambao hawajawahi kuligusa wanalijua kwa jina, kwa umbo, hata kwa mngurumo.

Ford waliizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Msomaji wa pwani anaukumbuka mwaka huo kwa mambo mengine: mapinduzi ya Zanzibar Januari, na siku tisa baada ya uzinduzi huo, muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Marekani ilikuwa na habari zake. Vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wamefikia umri wa kuendesha, wana kazi, wana hela kidogo, na hawakutaka gari la baba. Lee Iacocca, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Ford, aliliona soko hilo mapema kuliko washindani wake.

Ujanja wao ulikuwa mdogo na mkubwa kwa pamoja. Hawakubuni gari jipya kutoka chini. Walichukua vyuma vya Ford Falcon, gari la bei nafuu la kumpeleka mtu kazini na kumrudisha, wakalivisha bodi nyingine: boneti ndefu, buti fupi, viti viwili vya mbele vilivyotengana, gia chini katikati, na kwenye pua farasi anayekimbia. Ndani ya boneti hiyo ndefu, mara nyingi, kulikuwa na injini ya kawaida ya silinda sita. Aliyetaka V8 aliongeza hela. Aliyetaka redio aliongeza hela. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, na orodha ya nyongeza ilikuwa ndefu kiasi kwamba karani wa posta na mtoto wa tajiri waliweza kununua gari moja lenye jina moja, kila mmoja akaondoka na lake.

Siku ya kwanza tu maagizo yalifika 22,000. Kampuni ilikuwa imetarajia kuuza kama 100,000 kwa mwaka. Iliuza zaidi ya 400,000. Kabla miaka miwili haijatimia, Mustang ya milioni moja ilikuwa imetoka kiwandani. Ujerumani, ambako kampuni ya Krupp ilikuwa tayari inalimiliki jina hilo, Ford walilazimika kuiuza kwa jina la T-5. Haikuwazuia wateja.

Nalisisitiza jambo hili la bei kwa sababu mara nyingi gari hili husifiwa kwa kasi. Kasi ilikuja, kweli: mwaka 1965 Carroll Shelby, fundi na dereva wa Texas, alitoa GT350, gari kali la mashindano. Mwaka 1968 Steve McQueen aliirusha Mustang ya kijani juu ya vilima vya San Francisco katika filamu ya Bullitt, na gari lile lile la filamu, likiwa na kutu na mikwaruzo yake, liliuzwa mnadani Januari 2020 kwa zaidi ya dola milioni tatu. Lakini mvuto wa kwanza ulikuwa mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa mshahara wa kawaida kumiliki gari linalofanya majirani watoke nje kutazama.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana kuna kisa ambacho wapenzi wa Mustang hawakisimulii sana. Wiki kama tatu kabla ya uzinduzi wa New York, ndugu yake Mustang alikuwa huku kwetu, amezama kwenye matope.

Ndugu huyo anaitwa Mercury Comet. Mercury ilikuwa tawi la Ford, na Comet nayo, sawa na Mustang, ilitokana na vyuma vya Falcon. Mwishoni mwa 1963 Comet nne zilizungushwa kwenye uwanja wa Daytona, Florida, usiku na mchana, mpaka kila moja ikamaliza maili 100,000, sawa na kilomita 160,000, kwa mwendo wa wastani uliozidi kilomita 165 kwa saa. Matangazo yakapigwa. Gari lisilovunjika! Kisha mtu akapata wazo kwamba uthibitisho wa mwisho uko kwenye mashindano magumu kuliko yote duniani, East African Safari, yaliyofanyika kila Pasaka kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mwendo wa karibu kilomita 5,000.

Bill Stroppe, mtayarishaji mashuhuri wa magari ya mashindano kutoka Long Beach, California, alipewa kazi ya kuziandaa. Comet sita zikaja, zina V8 ya lita 4.7, zina madereva, mafundi na spea za kutosha kufungua duka. Watu wa Nairobi walikuwa hawajaona maandalizi ya aina hiyo. Pasaka ya 1964 iliangukia mwisho wa Machi, na mwisho wa Machi huku kwetu kila mtu anajua mbingu zinafanya nini.

Magari 94 yaliondoka. Yaliyofika mwisho yalikuwa 21. Kati ya Comet sita, mbili tu zilifika, zote karibu na mwisho wa orodha.

Daytona ilikuwa lami. Udongo mweusi wa pamba ukinyeshewa hauulizi injini ina lita ngapi. Unauliza gari lina uzito gani na dereva anajua kupita wapi. Comet zilikuwa nzito na ndefu, na nguvu zote zile ziliishia kuzungusha matairi mahali pamoja. Mshindi alikuwa Peter Hughes, akiwa na Billy Young, ndani ya Ford Cortina GT ya Uingereza, injini ya lita moja na nusu. Wa pili alikuwa Erik Carlsson wa Sweden katika Saab ndogo yenye injini isiyofika hata lita moja. Carlsson ndiye yule aliyekwama kwenye shimo la matope, na kwa kuwa Saab ilikuwa nyepesi na ya mviringo, yeye na mwenzake wakaibingirisha ubavu kwa ubavu mpaka ikatoka, wakawasha moto, wakaendelea. Waandishi wa habari hawakuamini, naye akaibingirisha tena mbele yao waone. Jaribu kuibingirisha Comet.

Mwaka uliofuata kazi ile ilimalizwa na mwenyeji. Joginder Singh, fundi Kalasinga mzaliwa wa Kericho, na mdogo wake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshapigika katika Safari iliyotangulia. Gari kuukuu, mkono unaoijua njia. Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na magari ya Kijapani yakaanza kuingia mioyoni mwa watu kwa mlango huo. Ukitaka kujua kwa nini Mwafrika Mashariki wa leo akisikia neno "gari imara" anaitazama Japani, anza na Pasaka zile.

Kismayu haikuwa kwenye ramani ya Safari. Jubaland, jimbo la Kismayu, ilikuwa mikononi mwa Waingereza pamoja na Kenya mpaka mwaka 1925, walipoikabidhi Italia, na tangu hapo barabara, mafundi na magari ya Kismayu yalielekea Mogadishu na Roma. Fiat ndilo lililokuwa gari la afisa, la mfanyabiashara na la teksi. Mzee wa Kismayu wa umri fulani akizungumza habari za gari zuri la ujana wake, usitarajie farasi wa Ford.

Wamarekani wenyewe walifika, lakini kwa saruji. Bandari ya kisasa ya Kismayu ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, miaka ile ile Mustang ikivunja rekodi za mauzo. Nadhani ndiyo bidhaa ya Kimarekani iliyoishi maisha marefu kuliko zote mjini hapo. Imeshusha sukari na mchele, imepakia ndizi za bonde la Juba na baadaye mkaa, ambao Umoja wa Mataifa uliupiga marufuku mwaka 2012. Imegombewa na kila aliyetaka kuitawala Jubaland, kwa sababu anayeshika bandari anashika mapato.

Na palikuwa na gari jingine. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, Somalia iliipa dunia picha ya pikapu ya Land Cruiser iliyofungwa bunduki nzito nyuma. Wabajuni hawakuwa na pikapu wala bunduki. Walivamiwa visiwani na mjini, wakaibiwa mashua, nyavu na mashine, na maelfu wakakimbilia Kenya kwa vyombo vyovyote vilivyoelea. Wengi waliishia kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Kwa hiyo tunapoandika habari za mvuto wa magari katika pwani hii, tukumbuke kwamba kuna watu ambao mngurumo wa injini kubwa kwao si burudani.

Kambini Jomvu na mitaani Mombasa ndiko vijana wengi wa Kibajuni walikoanza kuangalia filamu kwenye vibanda vya video, benchi la mbao na runinga moja kwa watu arobaini. Ile Gone in 60 Seconds ya mwaka 2000, ambayo Nicolas Cage anaifukuzia Mustang ya Shelby ya 1967 iliyopewa jina la Eleanor, ilizunguka Afrika Mashariki nzima. Waliobaki Kismayu baadaye walinyimwa hata filamu: Al-Shabaab walioushika mji kuanzia 2008 mpaka 2012 walipiga marufuku sinema na muziki. Mustang ni gari ambalo watu wetu walilijua kwanza kwa macho ya kioo, na labda ndiyo sababu halikuwahi kuchafuka. Toyota tunaijua harufu ya viti vyake.

Mahali ambapo Mswahili ameipata Mustang akaiweka uani ni Ghuba. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, maelfu walitoka Zanzibar na bara ya Afrika Mashariki wakaenda Muscat. Kule magari hupita kulia, usukani uko kushoto, mafuta yalikuwa rahisi, na lami imenyooka kama rula. V8 ya Kimarekani ilipata kwao. Zipo nyumba Muscat ambamo ndani watu wanaulizana "umeamkaje" kwa Kiunguja safi na nje ya geti kumelala farasi wa Ford. Jamaa wa Mombasa akienda kuwatembelea hurudi na picha amejiegemeza kwenye boneti, mkono mfukoni, miwani ya jua.

Gari hili limenusurika mara mbili kufa, na kisa cha pili kinanifurahisha zaidi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei. Ford walikuwa ndio kwanza wametoa Mustang II, ndogo, mwaka wake wa kwanza haina V8 kabisa. Wapenzi wa leo huidharau, ingawa iliuzwa zaidi ya 380,000 mwaka huo wa kwanza. Mara ya pili ilikuwa miaka ya 1980. Kampuni ilipanga Mustang mpya iwe gari lenye vyuma vya Mazda, linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Habari ikavuja. Barua za hasira zikamiminika Ford mpaka wakubwa wakanywea. Gari la Mazda likapewa jina la Probe, likaja likapita, na Mustang ikaendelea kusukumwa kwa magurudumu ya nyuma. Ni mara chache wanunuzi kuamrisha kiwanda. Camaro ya Chevrolet, mshindani mkubwa, ilisimamishwa 2002, ikarudi, ikasimamishwa tena. Mustang haijawahi kukatika tangu 1964, na Agosti 2018 ilitoka ya milioni kumi.

Ila kwa zaidi ya miaka 50 Ford hawakuona haja ya kutengeneza Mustang yenye usukani wa kulia kwa ajili ya dunia nzima. Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, ndicho cha kwanza kupata usukani huo kutoka kiwandani na kuuzwa rasmi katika nchi kama Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Wabajuni walioko Uingereza wakaanza kuziona mitaani. Nusu karne ya umaarufu, na nusu ya makoloni ya zamani ya Mwingereza ilikuwa inatazama tu.

Visiwani kwenyewe, Koyama, Chovai, Chula, hakuna mjadala. Hakuna barabara, hakuna gari, na mtu wa Chula anayetaka kufika Kismayu anautazama upepo kwanza. Lakini asidhani mtu kwamba watu hawa hawana ladha ya chombo kinachokimbia. Wabajuni ndio walioshona mitepe, vyombo vilivyofungwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka, na pua iliyochongwa na kupakwa macho. Biashara ya mitepe ilikufa mwanzoni mwa karne iliyopita. Ladha haikufa. Nenda Lamu wakati wa mashindano ya mashua uone: upepo umeshika tanga, chombo kimelala ubavu, na mabaharia wanakimbilia upande wa juu kukipa uzito kisipinduke, huku nahodha anatukana kwa Kibajuni. Wanaobishana ufukweni ni mashua ya fundi gani ina mkuku mzuri zaidi wanabishana ubishi ule ule wa Detroit, na wana haki zaidi, kwa sababu wao wanazipanda.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mtu wa pwani hii hana habari na mambo ya magari ya spoti. Ana habari sana. Amekosa lami, amani na fundi wa V8.

Na kama msomaji wangu wa Kismayu ana hela za gari moja na moyo wake uko kwa farasi wa Ford, sheria iko upande wake, usukani uko upande wake, lakini spea ziko Dubai na barabara ya kutoka nje ya mji haijali sheria. Anunue Land Cruiser. Msomaji wa Mombasa ana shida nyingine: Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Zile Mustang za kwanza za usukani wa kulia, za mwaka 2015, zimeshapita umri huo. Atalazimika kutafuta ya karibuni zaidi, na kodi ya injini ya lita tano aiulize kabla ya kuuza shamba.